Joto la Injini ya Pikipiki: Namna Linavyopanda na Namna ya Kulishusha Baada ya Safari

Injini ya pikipiki inapozimwa, joto lililomo ndani ya chuma chake halizimiki pamoja nayo, bali huendelea kusafiri kutoka sehemu iliyo moto zaidi kwenda sehemu yenye joto pungufu, na kwa dakika kadhaa za mwanzo baadhi ya viungo vyake huwa na joto kubwa kuliko lile vilivyokuwa nalo pikipiki ilipokuwa barabarani. Jambo hili, ambalo waendeshaji wengi hulipita bila kulitazama, ndilo linaloeleza kwa nini pikipiki iliyowaka kwa kiki moja alfajiri hukataa kuwaka ikizimwa kwa dakika kumi kijiweni adhuhuri, na kwa nini nyuzi za tundu la plagi hung'oka mikononi mwa fundi mwenye haraka. Mwongozo huu unahusu hasa pikipiki za silinda moja zinazopozwa kwa hewa, zenye ujazo wa kati ya sentimita za ujazo 100 na 150, kwa kuwa hizo ndizo zinazobeba abiria na mizigo katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Zile zenye rejeta zitaguswa kwa ufupi tu.

Chanzo cha joto ni mwako wa petroli. Ndani ya silinda, mchanganyiko wa hewa na petroli unapowashwa na cheche ya plagi, gesi zinazotokea hufikia kilele cha zaidi ya nyuzi 2,000 za sentigredi, ilhali aluminiamu, ambayo ndiyo madini makuu ya pistoni na ya kichwa cha silinda, huyeyuka ikifika nyuzi 660. Pistoni haiyeyuki kwa sababu kilele hicho hudumu kwa muda mfupi mno, kwa kuwa injini ya mipigo minne inayozunguka mara 6,000 kwa dakika huwaka mara 50 katika kila sekunde moja, na kati ya mwako mmoja na mwingine huingia hewa mpya yenye ubaridi. Lakini sababu iliyo kubwa zaidi ni kwamba joto linalozama ndani ya chuma huondolewa bila kukoma. Katika nishati yote iliyomo ndani ya petroli, ni robo hadi theluthi tu inayogeuka kuwa nguvu ya kuzungusha gurudumu. Iliyosalia yote ni joto, na sehemu yake kubwa hutoka pamoja na moshi, huku sehemu nyingine ikipita kwenye kuta za silinda na ndani ya oili.

Kazi ya kulitoa joto la kwenye kuta za silinda imekabidhiwa zile bapa nyembamba zilizopangwa ubavuni mwa silinda na kichwa chake, ambazo katika mwongozo huu zitaitwa mapezi. Mapezi hayana kazi nyingine isipokuwa kuongeza eneo la chuma linaloguswa na hewa, ili kila pumzi ya upepo inayopita ichukue joto jingi iwezekanavyo. Mfumo huu hauna pampu ya maji, hauna mpira wa kupasuka, wala hauna kimiminika cha kuvuja, na urahisi huo umechangia sana kuieneza pikipiki ndogo duniani: Honda Super Cub, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1958 ikiwa na injini ndogo ya kupozwa kwa hewa, ilifikisha idadi ya milioni 100 zilizotengenezwa mwaka 2017. Hata hivyo urahisi huo una gharama yake, nayo ni kwamba injini ya namna hii haina chombo cha kudhibiti joto lake yenyewe, hivyo joto hupanda na kushuka kufuatana na mzigo, mwendo na hali ya hewa, na mdhibiti pekee aliyebaki ni mwendeshaji.

Oili nayo ni kipozi, ingawa wengi huifahamu kama kilainishi tu. Hurushwa chini ya pistoni na kupelekwa juu kwenye valvu, hubeba joto, kisha hurudi kwenye bakuli lililo chini ya injini ambako joto hilo hutolewa kupitia ukuta wa nje. Pikipiki nyingi za ukubwa huu hubeba oili ya takriban lita moja pekee, na kwa hiyo kupungua kwa robo lita, jambo ambalo kwenye gari lingekuwa dogo, huku ni kupoteza robo nzima ya kipozi.

Joto linapopanda, vyuma hutanuka, na havitanuki kwa kiasi kimoja. Fimbo ya aluminiamu yenye urefu wa mita moja ikiongezewa nyuzi 100 za joto hurefuka kwa zaidi ya milimita 2, wakati ya chuma cha kusubu hurefuka kwa milimita 1 na kitu. Pistoni yenye upana wa milimita 56 huongezeka kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita kwa nyongeza hiyohiyo ya joto, na nafasi iliyoachwa kati yake na ukuta wa silinda hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Mtengenezaji amelikokotoa hilo akidhania kwamba silinda nayo itatanuka sambamba. Injini baridi ikivutwa mafuta kwa nguvu mara tu baada ya kuwashwa, pistoni, iliyo karibu na mwako, hupata moto na kutanuka kabla silinda haijafuata, nafasi ikabana, na oili ambayo bado ni nzito ikachelewa kufika juu. Inatosha kuiacha injini ingurume kwa nusu dakika hadi dakika moja, kuirudisha choki mara inapoanza kunguruma sawasawa, kisha kuondoka kwa mwendo wa upole kwa kilomita mbili tatu za kwanza. Kuiacha isimame ikinguruma kwa dakika kumi hakuna faida inayozidi hiyo, na katika chumba kilichofungwa ni hatari ya kifo, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyoonekana wala kunuka ambayo humwondolea mtu fahamu kabla hajatambua.

Upungufu wa joto nao una madhara yake, jambo linalosemwa mara chache. Kila lita moja ya petroli inayoungua hutoa takriban lita moja ya maji katika umbo la mvuke, na ingawa sehemu kubwa ya mvuke huo hutoka na moshi, kiasi fulani hupenya pembeni mwa ringi za pistoni na kuingia kwenye oili. Injini inayopata safari ya kutosha huchemka kiasi cha kuufukuza mvuke huo, lakini pikipiki inayotumika kwa safari za dakika tano kutoka nyumbani hadi dukani hubaki nao, na baada ya wiki kadhaa utando mweupe mfano wa maziwa huonekana chini ya kifuniko cha oili. Pikipiki ya matumizi hayo inafaa ipewe safari ya nusu saa angalau mara moja kwa juma, na oili yake ibadilishwe kwa kufuata kalenda badala ya kusubiri kilomita.

Joto hupita kiasi pale kazi ya injini inapokuwa kubwa na upepo unaoipita ukawa mdogo. Mfano ulio wazi ni wa pikipiki iliyopakia abiria wawili na gunia, inayopanda kutoka tambarare ya Mombo kuelekea Lushoto, mji ulio katika Milima ya Usambara kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400: mkono wa mafuta umevutwa karibu wote, gia ni ya pili, mwendo hauzidi wa mkimbiaji hodari, na pengine upepo wenyewe unavuma kutoka nyuma, kiasi kwamba hewa inayofika kwenye mapezi karibu haisogei. Foleni ya jijini Dar es Salaam mchana wa Januari hufanya vivyo hivyo bila mlima wowote, kwa sababu mzigo ni mdogo lakini upepo haupo kabisa na hewa yenyewe ina joto la zaidi ya nyuzi 30. Kwenye mlima, gia ipunguzwe mapema kabla injini haijaanza kulemewa, kwani injini inayolazimishwa kuvuta kwa mizunguko michache katika gia kubwa hupata joto zaidi na kuanza kugonga. Na mteremko unaofuata utumiwe kuipoza kwa kuachia mkono wa mafuta huku pikipiki ikibaki kwenye gia, maana hapo injini haichomi chochote cha maana ilhali upepo na oili vinaipita kwa kasi. Kushuka kwa gia huru injini ikiwa imezimwa, kwa lengo la kuokoa petroli, huikosesha injini mzunguko wa oili na humwondolea mwendeshaji msaada wa injini katika kufunga breki.

Zipo pia sababu zilizo ndani ya pikipiki yenyewe, nazo huanza kwa uchafu. Tope lililokauka kati ya mapezi ni sawa na blanketi, na rangi nene inayopakwa kwa ajili ya urembo inakaribia kuwa hivyo pia. Mchanganyiko wenye hewa nyingi kuliko petroli, ambao husababishwa na jeti ya kabureta iliyoziba kidogo au mpira wa kuingizia hewa uliopasuka, huongeza joto la mwako, na dalili yake husomeka kwenye plagi: ncha yenye rangi ya kahawia ya mkate uliookwa vizuri ni ishara ya afya, nyeusi yenye masizi huonyesha petroli nyingi, na nyeupe iliyopauka huonyesha kwamba injini inaungua. Breki inayobana gurudumu na klachi inayoteleza huongeza mzigo bila mwendeshaji kujua. Kwa kuwa dashibodi za pikipiki hizi kwa kawaida hazina mshale wa joto, dalili za kutegemea ni nguvu inayopungua bila sababu, mlio wa kugongagonga pale mafuta yanapovutwa, harufu ya oili inayoungua, na gia huru kuwa ngumu kupatikana. Mwendeshaji anayezipuuza hufikia hatua ambayo pistoni hukwaruza ukuta wa silinda na hatimaye kukwama, hali ambayo vijiweni huelezwa kwa neno moja tu: imenoki.

Yanayotokea baada ya kuzima ndiyo yanayostahili maelezo marefu zaidi. Kwa kugeuza ufunguo, mwendeshaji husimamisha mwako, lakini papo hapo husimamisha pia upepo, mzunguko wa oili, na hewa mpya iliyokuwa ikiingia kwenye silinda, yaani vipozi vyote vitatu kwa pamoja. Wakati huo kichwa cha silinda huweza kuwa na nyuzi 150 hadi 200, na valvu ya kutolea moshi pamoja na mwanzo wa bomba la moshi huwa na joto linalozidi hapo. Joto hilo haliwezi tena kuondoka haraka kwenda hewani, hivyo huenea ndani kwa ndani: hushuka kwenye silinda, huingia kwenye bakuli la oili, na hufuata njia ya kuingizia hewa hadi kwenye kabureta, ambayo dakika moja tu kabla ilikuwa ikipozwa na petroli iliyokuwa ikipita na kugeuka mvuke ndani yake.

Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, na vile vilivyo vyepesi zaidi huanza kuchemka katika joto la nyuzi 35 hadi 40, ambalo kabureta hulifikia kwa urahisi ikiwa karibu na injini iliyozimwa juani. Petroli iliyomo ndani ya kibakuli chake hutoa viputo, hufurika kwenye njia ya hewa, na kuijaza silinda kwa mvuke mzito usioweza kuwaka. Mwendeshaji anayerudi baada ya dakika kumi hupiga kiki bila mafanikio, huvuta choki akidhani injini imekosa petroli, na kwa kufanya hivyo huongeza petroli mahali palipozidiwa nayo. Linalofaa ni kuiacha choki, kuufungua mkono wa mafuta wote ili hewa nyingi iingie, kupiga kiki au selfu kwa vipindi vifupi, na kuurudisha mkono mara injini inapowaka. Isipowaka, iachwe kwa robo saa kivulini. Inafaa pia kukagua kipande kinene cha plastiki ngumu kinachokaa kati ya kabureta na kichwa cha silinda. Mtu anaweza kukidhani ni gasketi iliyozidi ukubwa, akakitupa wakati wa matengenezo, kumbe kimewekwa pale makusudi kuzuia joto lisifike kwenye kabureta, na pikipiki iliyonyang'anywa kipande hicho itasumbua kila adhuhuri bila ugonjwa wake kujulikana.

Inaaminika katika vijiwe vingi kwamba injini iliyochemka ni lazima iachwe ingurume kwa dakika tano kabla ya kuzimwa ili ipumzike. Desturi hiyo ni sahihi kwa malori yenye turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi kwa kasi kubwa ambayo huhitaji oili hadi itulie, lakini kwa pikipiki inayopozwa na hewa ni kosa, kwa sababu injini iliyosimama mahali pamoja huendelea kuchoma petroli na kuzalisha joto bila upepo wa kuliondoa, na kwa mngurumo ule wa chini, ambao mafundi huuita sailensa, pampu ya oili nayo husukuma kidogo tu. Mapumziko ya kweli ya injini hutolewa barabarani. Kilomita moja ya mwisho iendeshwe kwa mwendo wa wastani na mafuta kidogo, ili upepo ushushe joto la kichwa cha silinda kabla ya kufika, kisha injini izimwe baada ya sekunde chache za kusimama. Pikipiki iegeshwe kivulini, uso wake ukiuelekea upepo, na isifunikwe turubai hadi ipoe, kwa kuwa turubai huzuia hewa, hunasa unyevu, na ya nailoni huyeyukia kwenye bomba.

Sauti ya tik-tik inayosikika baada ya kuzima hutokana na bomba la moshi na vifuniko vyake vinavyosinyaa kwa kasi tofauti, wala si dalili ya ubovu. Husikika kwa wingi mwanzoni na kufifia baadaye, kwa sababu kitu cha moto hupoa haraka zaidi pale tofauti kati yake na hewa inapokuwa kubwa, na hupoa polepole kadiri tofauti hiyo inavyopungua. Ndiyo maana injini huweza kupoteza nusu ya joto lake mapema, lakini ikachukua saa kadhaa kufikia ubaridi kamili ambao kazi fulani za ufundi huudai.

Kazi ya kwanza ya namna hiyo ni kupima nafasi ya valvu, inayojulikana kama kufunga tapeti. Vitabu vingi vya matengenezo huagiza ifanywe injini ikiwa chini ya nyuzi 35, jambo ambalo kwa vitendo humaanisha asubuhi kabla ya safari, kwa kuwa vipimo vilivyomo vitabuni ni vya chuma kisichotanuka. Umuhimu wake unahusiana moja kwa moja na joto: valvu ya kutolea moshi hutoa sehemu kubwa ya joto lake inapokaa juu ya kiti chake, na ikibanwa kiasi cha kutofunga sawasawa hukosa mahali pa kulitua joto hilo, ikaungua ukingoni na injini ikapoteza mgandamizo. Plagi nayo ifunguliwe injini ikiwa imepoa, kwa sababu plagi ya chuma ndani ya aluminiamu yenye moto hung'oka pamoja na nyuzi za tundu lake. Oili ni kinyume chake. Humwagwa injini ikiwa vuguvugu, baada ya safari fupi na mapumziko ya dakika chache, ili iwe nyepesi na itoke pamoja na uchafu inaoubeba, lakini isiwe ya moto kiasi cha kuunguza mkono. Oili mpya iwe ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki husika. Namba kama 20W-50 zinaeleza uzito wake ikiwa baridi na ikiwa na moto. Iwe ya pikipiki na si ya gari, kwani klachi ya pikipiki nyingi huzama ndani ya oili hiyohiyo, na oili za magari zenye viambato vya kupunguza msuguano huifanya iteleze.

Kuosha pikipiki kusubiri pia. Maji baridi yanayomwagwa juu ya kichwa cha silinda chenye nyuzi 150 husinyaza tabaka la nje ilhali la ndani limebaki limetanuka, na mvutano huo huweza kupinda chuma, kuharibu gasketi au kupasua pezi. Kumwagia injini maji njiani kwa nia ya kuipoza ni kosa lilelile. Mvua haileti madhara hayo, kwa kuwa matone yake ni machache kwa kila sekunde na hudondokea injini inayoendelea kuzalisha joto. Tope kati ya mapezi litolewe kwa brashi laini na maji ya kawaida injini ikiwa baridi. Kwa pikipiki zenye rejeta, kifuniko chake kisifunguliwe kamwe kikiwa cha moto, kwa sababu maji yaliyomo yapo chini ya mgandamizo unaoyazuia kuchemka, na mgandamizo huo ukiondolewa ghafla huruka yakiwa mvuke na kumuunguza anayefungua. Feni inayoendelea kuzunguka baada ya ufunguo kutolewa iachwe imalize kazi yake.

Mahali pa kulaza pikipiki panahitaji uangalifu wa aina yake, hasa katika nyumba ambamo huingizwa sebuleni usiku kwa kuhofia wezi. Yenye kabureta ifungwe koki ya mafuta, na isiingizwe ndani hadi ipoe, kwa sababu joto linalosambaa baada ya kuzima huendelea kuvukiza petroli, na mvuke huo, ulio mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la mkaa au kibatari. Tangi lisijazwe hadi mdomoni kabla ya kuegesha juani, maana lita 10 za petroli zikiongezewa nyuzi 20 za joto huongezeka ujazo kwa takriban robo ya lita pungufu kidogo, na ziada hiyo hutafuta njia ya kutoka.

Hatari kwa mwili wa binadamu hubaki hadi mwisho kabisa. Bomba la moshi, ambalo kwenye pikipiki nyingi za biashara lipo upande wa kulia, huweza kuunguza ngozi ya mguu kwa kuguswa mara moja hata dakika kadhaa baada ya kuzimwa, kwani chuma chenye nyuzi 70 huhitaji chini ya sekunde moja ya mguso ili kuumiza vibaya. Abiria apande na kushuka kwa upande wa kushoto, bati la kukinga bomba lisiondolewe, na pikipiki iegeshwe bomba likielekea ukutani pale watoto wanapocheza. Aliyeungua awekwe jeraha lake chini ya maji safi yanayotiririka, ya baridi ya kawaida na si ya barafu, kwa dakika 20. Dawa ya meno, oili, siagi na yai vyote huzuia joto lisitoke na huleta uchafu kwenye kidonda. Lengelenge lisitumbuliwe, jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi kisichonata, na likizidi ukubwa wa kiganja cha mwenye kuungua, au likiwa la mtoto mdogo, afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo.